Wakija kubeba cherehani: haki za anayedai na anayedaiwa

Siku chache kabla ya Idi, wakati ambao fundi nguo hapati usingizi, mama mmoja wa Mbagala aliingia ofisini kwangu akiwa na mfuko wa nailoni uliojaa risiti. Alikaa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada wakili, wamenibebea cherehani." Vijana watatu walikuwa wamefika asubuhi na bajaji ya mizigo, wakaingia barazani, wakang'oa nguo ya mteja iliyokuwa bado chini ya sindano, wakapakia mashine na kuondoka. Nguo ile, gauni la mtoto lenye mkono mmoja tu, alikuja nayo kwenye huo mfuko.

Alikuwa amekopa laki tano kwa mtu anayekopesha mtaani, arudishe laki saba ndani ya mwezi mmoja kwa marejesho ya kila wiki. Alilipa wiki mbili, ya tatu mtoto akalazwa. Nikamwomba fomu aliyosaini. Juu kulikuwa na jina lake na sahihi yake kwa wino wa bluu. Chini, kwenye sehemu ya dhamana, mtu mwingine alikuwa ameandika kwa wino mweusi: "cherehani 1, friji 1, makochi." Mama akaapa kwamba siku anasaini, nafasi hiyo ilikuwa wazi.

Naandika kuhusu sheria ya Tanzania Bara, ninayoifanyia kazi kila siku, na nina jambo moja la kusema kwa pande zote mbili: deni lina njia yake, na anayeiacha njia hiyo, awe anadai au anadaiwa, ndiye anayeumia.

Kwanza hao vijana. Mtu hawezi kujihukumia mwenyewe, akajikamatia mali na kujiuzia. Mkopo usio na dhamana hudaiwa mahakamani, na baada ya hukumu ndipo mali hukamatwa, kwa amri ya mahakama, na dalali wa mahakama aliyeteuliwa. Dalali huyo huja na hati yenye mhuri, namba ya shauri na majina ya wahusika. Muombe akuoneshe, isome, piga picha. Asiye na hati hiyo si dalali wa mahakama, hata awe na kofia na redio ya mkononi. Mwenye dhamana halali ana nafasi nzuri kuliko asiye nayo, hilo nalikubali, lakini dhamana haimpi mtu ruhusa ya kuvunja mlango, kutisha watoto au kupigana barazani kwa watu. Mdaiwa akipinga, kuna hakimu.

Halafu kuna mali ambazo hata hakimu hazigusi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, imeziweka kando: nguo za lazima za mdaiwa, mke na watoto wake, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za fundi anazotumia kupata riziki. Mkulima naye analindwa zana zake za kilimo. Nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mke na watoto wanaomtegemea nayo haikamatwi kutekeleza hukumu ya fedha. Mantiki yake ni ya utu na ya hesabu pia. Ukimnyang'anya fundi cherehani, deni utalipwa na nini?

Hapa lazima niseme ukweli ambao wateja wangu hawaupendi. Kinga hiyo ni dhidi ya kukamatwa mali kwa ajili ya kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Kitu ulichokiweka rehani mwenyewe, kwa mkataba, ni habari nyingine. Nyumba yako ya kuishi ikiwa imewekwa rehani benki, usije mahakamani kusema "lakini tunalala humo". Ndiyo maana ile nafasi wazi kwenye fomu ilikuwa na uzito kuliko deni lenyewe. Usisaini karatasi yenye mapengo. Chora mstari juu ya pengo, saini pembeni ya mstari, na ondoka na nakala yako siku hiyohiyo.

Riba nayo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, hata kama ni mtu binafsi mwenye meza moja chini ya mwembe. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tano hiyo ni shilingi 17,500. Mama wa Mbagala alikuwa anatozwa laki mbili. Watu hawakukosea kuita mikopo hii kausha damu. Wale wa kwenye simu, wanaotuma meseji kwa shemeji yako, bosi wako na imamu wa msikiti wako kwamba wewe ni tapeli, wanagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mdaiwa ana deni, lakini heshima yake haikuwekwa rehani. Hifadhi hizo meseji, usizifute kwa hasira.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana nawatetea pia wanaodai, na machungu yao nayajua. Nina mteja Kariakoo anayeuza vitenge kwa jumla. Alimkopesha rafiki mzigo, wakapeana mikono, na rafiki akabadilisha namba ya simu. Mkataba wa mdomo ni mkataba, sheria inautambua. Shida ni kuuthibitisha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na Waislamu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mteja wangu hakuwa na mkataba, lakini alikuwa na daftari lenye tarehe, miamala ya simu, na meseji moja iliyoandikwa "bro nivumilie ile milioni nne mwisho wa mwezi". Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, meseji haikataliwi kwa sababu tu iko kwenye simu. Ile meseji moja ndiyo iliyobeba kesi.

Muda pia unakula haki. Deni la mkataba lina miaka 6 tangu siku lilipopaswa kulipwa. Ukikaa kimya mpaka ikapita, mahakama itakufungia mlango hata kama kila mtu mtaani anajua unadai. Lakini mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini kabla muda haujaisha, au akilipa sehemu, saa inaanza upya. Kwa hiyo anapokuja na elfu hamsini ya kukutuliza, ipokee, mwandikie risiti, na kwenye risiti hiyo taja salio, naye asaini. Watu wengi hukataa "vijisenti" kwa kiburi, wakidhani wanajiheshimu.

Kukimbilia polisi ndilo kosa ninalolisikia kila wiki. Kushindwa kulipa deni si jinai. Panapokuwa na jinai ni pale mtu alipojipatia fedha kwa udanganyifu, yaani alikudanganya wakati wa kuchukua, kama kukuuzia kiwanja kisicho chake. Aliyekopa kwa nia njema kisha biashara ikafa si mwizi. Kumweka mahabusu ili ndugu wachange ni kuwatumia polisi kama wakusanya madeni, na siku akipata wakili, wewe uliyedai utajikuta unajibu maswali.

Njia yenyewe haina maajabu. Unaandika notisi ya madai, wengi wetu hutoa siku 14, kisha unafungua shauri. Madai madogo huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako kila kitu ni Kiswahili na mtu anaweza kujisemea mwenyewe. Ukiwa na ushahidi kwamba mdaiwa anauza mali haraka ili asibaki na kitu, unaweza kuiomba mahakama izuie mali hiyo hata kabla ya hukumu.

Na wewe unayedaiwa, ukipata samansi, nenda. Narudia, nenda. Wadaiwa wanaoficha sura humwacha hakimu asikilize upande mmoja, na hukumu hutoka na kila kitu alichodai mwenzako, riba haramu ikiwemo. Ukiwa pale unaweza kupinga hesabu, na unaweza kuomba kulipa kwa awamu. Ombi hilo lina nguvu zaidi kabla ya hukumu. Baada ya hukumu unategemea sana ridhaa ya aliyeshinda. Kama hukumu ya upande mmoja imeshatoka na una sababu ya kweli ya kutofika, omba itenguliwe upesi. Usingoje dalali abishe hodi.

Aliyeshinda naye ajue kwamba hukumu si pesa. Kuna hatua ya pili ya kukaza hukumu, na ina muda wa miaka 12. Mdaiwa anaweza kuitwa mahakamani aeleze mali zake kwa kiapo. Akaunti ya benki inaweza kushikwa. Mshahara unaweza kukatwa, ingawa mtumishi wa umma lazima abaki na theluthi moja, na walimu wanaijua theluthi hiyo kuliko mimi.

Kisha kuna jela ya madai, ambayo watu huitaja kama radi. Ipo. Lakini mdaiwa huitwa kwanza ajieleze kwa nini asifungwe, na mahakama haimfungi mtu kwa sababu ya umaskini wake. Inamtafuta mwenye uwezo anayekataa, au anayeficha mali. Kifungo hakizidi miezi 6, aliyeshinda ndiye hulipia chakula cha mfungwa wake, na akitoka deni liko palepale ingawa hawezi kukamatwa tena kwa hukumu hiyohiyo. Hata kumkamata kwenyewe kuna adabu yake: nyumba ya kuishi haiingiliwi baada ya jua kuzama wala kabla halijachomoza.

Kuhusu rehani ya nyumba nitasema machache. Benki lazima ikupe notisi ya siku 60 kwa maandishi kabla ya kuuza. Nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Mnada wa nyumba au ardhi unatanguliwa na tangazo la siku zisizopungua 14, na muuzaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri. Ikiwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, unaweza kuiomba mahakama iutazame mnada huo. Lakini njoo kabla ya nyundo kugongwa. Mnunuzi wa nia njema hulindwa sana, na ukichelewa unaweza kubaki na haki ya kudai fidia tu kwa benki huku mtu mwingine anapaka rangi sebule yako.

Na mdhamini: kwenye vikundi vya akina mama wengi husaini wakidhani ni mashahidi. Mdhamini anawajibika kama mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vinginevyo, na anaweza kudaiwa lote.

Nilipomwandikia mkopeshaji wa Mbagala barua sikudai makubwa. Nilimuuliza namba ya leseni yake, nikamwambatanishia nakala ya fomu yenye wino wa rangi mbili, nikampa siku saba. Cherehani ilirudi siku ya tano, bila mkanda. Deni halikufutika, na mama hakutaka lifutike. Tulikaa tukapiga upya hesabu kwa riba ya kisheria, tukatoa alichokwisha kulipa, tukaandika salio na tarehe za marejesho, wote wawili wakasaini na kila mmoja akaondoka na nakala. Mkanda alinunua mwenyewe siku hiyohiyo, akarudi kumalizia mkono wa pili wa lile gauni.