Napoleon wa Katuni na Napoleon wa Historia

Mwaka 1956 kampuni ya Warner Bros. ilitoa filamu fupi ya katuni iitwayo Napoleon Bunny-Part, iliyoongozwa na Friz Freleng, ambamo sungura Bugs Bunny anamhangaisha mtawala wa Ufaransa aliye mfupi na mwepesi wa hasira. Ni kichekesho kilichochorwa kwa ustadi, nami naipenda kwa dhati. Hata hivyo, wengi wetu tulimfahamu Napoleon kwa michoro ya namna hiyo kabla ya kufungua kitabu cha historia, na baadhi ya tuliyoyabeba humo si kweli.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba alikuwa mfupi kupita kiasi. Ukweli ni kwamba alipofariki katika kisiwa cha St Helena mwaka 1821, daktari wake, Francesco Antommarchi, aliandika kimo cha futi 5 na inchi 2 na ushei, kwa kipimo cha zamani cha Kifaransa ambacho inchi yake ilikaribia sentimita 2.7. Anayezisoma namba hizo kwa inchi ya Kiingereza, yenye sentimita 2.54, hupata mtu wa sentimita 157 hivi, ilhali kimo halisi kilikuwa karibu sentimita 169, ambacho kwa mwanamume Mfaransa wa zama zile hakikuwa kifupi hata kidogo. Kosa hilo la hesabu lilikuta tayari picha imekwisha kuchorwa: tangu mwaka 1803, Uingereza ilipokuwa na hofu ya kuvamiwa, mchoraji James Gillray wa London alimwonyesha kama kijitu kilichomezwa na kofia na buti zake. Kwa hiyo katuni ya 1956 ilirithi mzaha wa vita uliokuwa na umri wa miaka 150 na zaidi. Jina la "koplo mdogo" nalo halithibitishi ufupi, kwa kuwa askari wake walimwita hivyo kwa mapenzi.

Wapo pia wanaodhani kwamba filamu hizo zilikusudiwa watoto. La, zilionyeshwa katika majumba ya sinema kabla ya filamu kuu, mbele ya watu wa rika zote.

Lililonigusa zaidi ni lafudhi. Katika katuni, Napoleon huongea kwa lafudhi nzito ya Kifaransa, na mtazamaji huamini kwamba ndivyo alivyokuwa, Mfaransa wa kupindukia. Lakini alizaliwa Ajaccio, mji wa kisiwa cha Corsica, mwaka 1769, mwaka mmoja tu baada ya Genoa, jamhuri ya Italia ya zama zile, kuikabidhi Ufaransa kisiwa hicho, na lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kikorsika. Alipopelekwa katika shule ya kijeshi ya Brienne akiwa na umri wa miaka 9, wanafunzi wenzake walimcheka kwa sababu Kifaransa chake hakikusikika kama cha Mfaransa.