Bili za kujirudia kwenye apu: tunavyodhani na ilivyo kweli

Watu wengi wanadhani ukishaingiza bili kwenye apu basi imeshajilipa. Hapana jamani. Apu nyingi za kufuatilia bili ni daftari lenye kengele tu, kulipa bado ni kazi yako au ya oda uliyoiweka benki ili wakulipie kila tarehe ikifika. Niliwahi kubonyeza tiki ya "imelipwa" usiku nikijua asubuhi ntalipa, asubuhi nikasahau, na apu ikanyamaza kwa sababu mimi ndo niliiambia imeshalipwa, nikaja kushtuliwa na faini. Siku hizi tiki naiweka meseji ya malipo ikishaingia, kabla ya hapo siigusi.

Dhana nyingine, hii inawapiga wengi: eti "kila mwezi" na "kila wiki 4" ni kitu kimoja. Piga hesabu, mwaka una wiki 52, kwa hiyo bili ya kila wiki 4 inakuja mara 13 na ya kila mwezi mara 12, hiyo moja ya ziada ndo inayoharibu bajeti na unabaki unajiuliza hela imeenda wapi. Angalia pia bili ya tarehe 31. Kuna miezi mitano haina 31, apu nyingine inaisogeza hadi siku ya mwisho wa mwezi, nyingine inairuka kabisa, kwa hiyo ukishaiweka fungua kalenda ya apu uende mbele mpaka Februari uone kama ipo.

Halafu eti bili inayobadilika kama umeme haiwekeki. Inawekeka vizuri tu, chukua bili za miezi 12 iliyopita utafute wastani, au kama unaogopa kupungukiwa weka ile kubwa kuliko zote, bili halisi ikija unarekebisha. Hapo apu ikikuuliza ubadilishe hii tu au zote zinazofuata, chagua hii tu, la sivyo makadirio yako yote ya mbele yanavurugika. Ile ya mara moja kwa mwaka nayo iingize, gawa kwa 12 uwe unatenga kidogokidogo.

Kuna wanaodanganya tarehe, bili ni ya tarehe 10 wanaandika 5 ili wawahi. Nawaelewa ila siipendi, baada ya miezi mitatu hukumbuki tena ipi ni tarehe ya kweli. Andika 10, kisha kikumbusho ndo ukiweke siku 4 au 5 kabla, maana malipo ya benki yakiangukia wikendi au sikukuu yanaweza kuchelewa.

Kategoria, yaani mafungu ya kupanga bili kwenye apu, hata usiumize kichwa, tano sita zinatosha.

Dhana kubwa kuliko zote ni hii ya kufuta, eti ukifuta bili imesitishwa. Ukiifuta bili kwenye apu umefuta kumbukumbu tu, mtoa huduma anaendelea kukata. Hata kufuta apu ya huduma yenyewe kwenye simu hakusitishi malipo, iwe uliilipia kupitia Google Play au App Store, lazima uingie kwenye akaunti yako sehemu ya usajili usitishe huko. Na yale majaribio ya bure yaingize kama bili siku ileile unayojiunga, kikumbusho kiwe siku mbili kabla hayajaisha, kwa sababu Apple kwa mfano wanataka usitishe angalau saa 24 kabla, ukisubiri siku yenyewe unakuta wameshakata.