Fani za askari wa miguu, na kwa nini usikimbilie udunguaji

Kila msimu wa kusajili makuruta ukikaribia, vijana wa huku kwetu Kisauni hunijia na swali lile lile: "Mzee, nikipangiwa infantri si nitakuwa wa kutembea na bunduki tu?" Kuna dharau kidogo ndani ya swali hilo, na najua inakotoka. Aliyekulia Mombasa, jeshi alijualo kwanza ni wanamaji wa Mtongwe, sare nyeupe na meli zinazopita mbele ya kivuko cha Likoni. Askari wa miguu humwona juu ya lori la kuelekea Mariakani, kajaa vumbi mpaka kwenye kope. Na akiikubali hiyo infantri, basi anataka awe mdunguaji, yule mpiga shabaha wa kujificha na kulenga kwa mbali.

Mimi nimetumikia infantri, yaani jeshi la miguu, sehemu kubwa nikiwa mtu wa mota (mtutu wa kurushia mabomu kwenda juu) na baadaye mwalimu wake, kwa hiyo mkiona nimeelemea upande huo msishangae.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna wanaoingia jeshini na cheti cha ufundi mkononi: fundi magari, fundi umeme, muuguzi, mpishi. Hao husajiliwa kama mafundi, na umri wao huruhusiwa kufika miaka 30, wakati kuruta wa kawaida mwisho wake ni 26. Sizungumzii hao. Nazungumzia fani zilizomo ndani ya batalioni ya infantri yenyewe, kikosi cha mamia ya askari, ambazo siku ya usajili huulizwi wala huziombi. Unapita mafunzo ya ukuruta Eldoret, unapangiwa batalioni, unakaa kombania ya bunduki, sehemu moja ya batalioni, watu wakusome tabia, ndipo unapotafutiwa kozi. (Na usajili ni bure. Atakayekuambia ana afande wake wa kukuingiza kwa pesa ni tapeli, hata akija na sare.)

Batalioni za kwetu zilirithi umbo lake kutoka KAR (King's African Rifles), jeshi la mkoloni lililoundwa 1902. Kuna kombania za bunduki, ambazo ndizo mwili wa batalioni. Kuna kombania ya makao makuu. Halafu kuna kombania ya usaidizi, na humo ndimo fani nyingi zimelala.

Nianze na mota. Watu huichanganya na mizinga ya kikosi cha mizinga, lakini mota ni mali ya kamanda wa batalioni mwenyewe. Akiitaka sasa, anaipata sasa, haombi kwa mtu. Mota ya milimita 81 hubebwa na watu kwa vipande vitatu: mtutu, miguu yake miwili, na kitako kinachokaa chini. Kila kipande kina uzito wa kilo 12 hivi, na bado hujabeba bomu hata moja, nalo lina kilo nne na ushei. Kwa hiyo anayedhani ameikimbia adha ya kutembea, pole yake. Hutembea kama wenzake, na chuma juu.

Raha ya mota ni hesabu. Duara ambalo shuleni ulifundishwa lina digrii 360, sisi tunaligawa mara 6,400, kila kipande kinaitwa mili. Ubora wake ni huu: ukikosea mili moja kwa shabaha iliyo umbali wa mita 1,000, bomu litaanguka kama mita moja pembeni. Kwa umbali wa mita 4,000, ni mita nne. Basi mwangalizi aliye mbele akisema bomu limeangukia kulia kwa kiasi fulani, unajua papo hapo uigeuze mota kiasi gani. Bomu hupaa juu sana, na laweza kukaa hewani nusu dakika au karibu yake. Mabomu kadhaa yanaweza kuwa yameshatoka kabla la kwanza halijagusa ardhi. Ndiyo maana kosa la mota halina "samahani". Nambari moja anapima na kulenga, nambari mbili anatia bomu mtutuni, nambari tatu anatayarisha mabomu na kupunguza au kuacha vifuko vya baruti kulingana na umbali uliotakiwa. Nambari tatu akisahau kifuko kimoja, walioko mbele ni wenzake.

Pwani ina vituko vyake. Kwenye mchanga kitako huzama kila bomu likitoka, na usipokipima upya, kipimo chako kinakuwa hadithi. Unyevu nao ni adui wa baruti, kwa hiyo mabomu hayafunguliwi mikebe yake mapema kwa ajili ya kujionyesha uko tayari. Nimefundisha vijana waliokuwa wakilia darasani kwa hesabu, wakaja kuzipenda walipoona namba zinaangukia mahali. Aliyefaulu hesabu shuleni ana nafasi hapa kuliko mwenye kifua kipana.

Ya pili kwangu ni signali, watu wa redio. Hawa wanadharauliwa mpaka siku redio inyamaze. Redio ya VHF husikika vizuri pale ambapo mawimbi yanapita bila kizuizi; ukiwa nyuma ya Milima ya Shimba, au ndani ya msitu mnene kama Boni kule Lamu, sauti inakatika. Hapo mtu wa signali anayejua kazi yake hutoa waya, akaupandisha juu ya mti kwa urefu uliopimwa, akapata masafa ambayo antena fupi ya begani haiyafikii. Kwa HF, redio ya kufika mbali, mawimbi hupigwa juu yakarudi chini mbali sana, na frikwensi inayofaa mchana si ile ya usiku, usiku unashuka kwenye frikwensi ya chini. Kisha kuna hewa ya chumvi, inayokula viungio vya shaba kimyakimya. Fani hii inataka mtu mtulivu mwenye mwandiko unaosomeka na asiyependa kusikia sauti yake. Sisi watu wa Pwani tunapenda maneno, kwa hiyo tunateseka kidogo.

Sasa huyo mdunguaji mnayemlilia. Filamu zimewaharibu. Kazi yake kubwa ni kutazama: analala mahali pamoja kutwa nzima, anaandika nani katoka mlango upi, gari gani limepita, mbwa wanabweka saa ngapi. Wanakwenda wawili, mmoja akishika darubini, kwa sababu jicho linachoka. Kupiga risasi huja kwa nadra, na hapo napo adui wa kwanza ni upepo. Upepo wa wastani wa kusi waweza kuisukuma risasi ya milimita 7.62 zaidi ya nusu mita pembeni ikifika mita 600. Kijana aliyevua samaki na baba yake huko Nyali au Shimoni, anayejua kusoma maji na matawi ya minazi kabla ya kushusha ngalawa, ana mwanzo mzuri kuliko bingwa wa michezo ya kompyuta. Wengi hurudishwa kutoka kozini kwa kukosa subira, si kwa kukosa shabaha. Kama huwezi kukaa msikitini au kanisani bila kuchungulia simu, tafuta fani nyingine.

Wapo watu wa rashasha, ambao huweka bunduki juu ya miguu mitatu na kuziba njia kwa masafa ya zaidi ya kilomita moja. Wapo wa silaha za kupinga vifaru. Kwao jambo la kwanza kufundishwa ni kuangalia nyuma, maana moto unaotoka kisogoni mwa silaha kama Carl Gustaf waweza kumuua mwenzako. Wapo mapayonia wanaopasua vizuizi na kutengeneza vivuko. Wapo wa upelelezi wa mbele, wanaokwenda wachache na kurudi na habari. Wengi wao wamepitia kwanza kombania za bunduki kwa muda mrefu.

Droni ndizo zinazobadilisha mambo siku hizi. Tangu vita vya Ukraine vya 2022, kila jeshi limeona jinsi droni ndogo ya kununua dukani inavyoweza kumsaidia mtu wa mota kusahihisha bomu lake bila mtu kupanda kilima. Kijana anayepiga picha za harusi kwa droni hapa mjini asidhani ujuzi wake ni wa harusi tu.

Na mtu wa huduma ya kwanza katika platuni, kikundi kidogo ndani ya kombania. Huyu ni askari wa bunduki kama wengine, si daktari, ila amefundishwa kuzuia kifo mpaka daktari apatikane. Mkono au mguu ukikatika mshipa mkubwa, mtu anaweza kuisha damu kwa dakika chache, kwa hiyo kabla ya sindano na dripu kinachotangulia ni mkanda wa kubana, ukazwe mpaka damu isimame, na saa iandikwe. Fani hii ndiyo inayomfaa mtu uraiani kuliko zote nilizotaja, mradi atafute na cheti cha kiraia. Ambulansi na kampuni za ulinzi za bandarini hazisomi cheti cha batalioni peke yake. Mtu wa signali naye hupata nafasi. Mtu wa mota? Nimemwona mmoja akifanya kazi ya kupima viwanja Mtwapa, na anasema hesabu ni zile zile.

Ukishapangiwa batalioni, usingoje kuchaguliwa. Mwambie sajini wa platuni yako mapema kozi unayoitaka na kwa nini, maana nafasi za kila kozi huwa chache na majina hupelekwa kabla hujasikia tangazo. Leseni ya udereva ukiwa nayo, mwonyeshe siku hiyo hiyo.