Hekalu halikuwa kiini cha ibada: dhana potofu kuhusu Ugiriki ya kale

Picha ya dini ya Wagiriki wa kale ambayo wengi wetu tuliipata shuleni ni moja: nguzo nyeupe juu ya kilima na anga la buluu nyuma yake. Ni picha nzuri, lakini imelishika jengo na kuiacha ibada. Katika miongo ya karibuni wanaakiolojia wamegeukia majivu, mifupa, mapango na vilele vya milima, na wanayoyakuta huko yanapangua mengi tuliyozoea kusimuliwa.

"Waumini walikusanyika hekaluni kusali"

Aliyelelewa na msikiti au kanisa hawezi kulaumiwa kwa kufikiri hivyo. Lakini hekalu la Kigiriki lilikuwa makao ya sanamu ya mungu na ghala la mali alizotunukiwa. Ibada ilifanyika nje, uwanjani, kwenye madhabahu. Hapo ndipo mnyama alipochinjwa, moto ukawashwa na nyama ikagawanywa kwa watu. Ili mahali pawe patakatifu, palihitaji mpaka na madhabahu, basi. Mpaka wenyewe ungeweza kuwa ukuta imara au mawe machache yaliyosimikwa ardhini.

Olympia, mahali patakatifu palipofanyika michezo ya Olimpiki ya kale, inathibitisha hili. Kufikia karne ya 8 K.K. watu walikuwa wameacha pale sanamu ndogo za shaba na udongo kwa maelfu, pamoja na masufuria makubwa ya shaba yenye miguu mitatu. Hekalu la Zeus, mfalme wa miungu, tunaloliona kwenye picha lilikamilika karibu mwaka 456 K.K. Kwa hiyo Zeus aliabudiwa hapo karne nyingi kabla ya kujengewa nyumba. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliieleza madhabahu ya Zeus kuwa rundo la majivu ya mapaja ya wanyama, lenye kimo cha futi 22.

Na si kweli kwamba mahekalu yote yalitazama mashariki. Mengi ndiyo, ila hekalu la mungu Apollo kule Bassae linatazama kaskazini, na la mungu wa kike Artemis kule Efeso lilitazama magharibi.

"Imethibitishwa kwamba Wagiriki walimtolea Zeus kafara ya binadamu"

Dai hili lilipata nguvu mwaka 2016, na linahitaji utulivu. Kwenye Mlima Lykaion, katika mkoa wa Arcadia, karibu mita 1,380 juu ya usawa wa bahari, kuna madhabahu ya Zeus isiyo na hekalu lolote juu yake. Ni majivu tu, tabaka juu ya tabaka. Waandishi wa kale walinong'ona kuhusu mlima huu: kwamba nyama ya mtu ilichanganywa na ya wanyama, na aliyeila aligeuka mbwamwitu. Mwanafalsafa Plato mwenyewe anaitaja hadithi hiyo.

Mgiriki Konstantinos Kourouniotis alichimba hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu 2004 timu ya Wagiriki na Wamarekani imerudi na mbinu za kisasa. Mifupa waliyoichambua ni, kwa sehemu kubwa mno, ya kondoo na mbuzi, na si mifupa yoyote tu: ni mapaja, vilegesambwa na mikia, vyote vimeungua. Hivi hasa ndivyo vipande ambavyo mashairi ya Kigiriki yanasema vilikuwa fungu la miungu, huku nyama ikiliwa na watu. Ushahidi wa ibada unarudi nyuma hadi zama za Mycenae, ustaarabu wa Kigiriki wa enzi ya shaba, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Kisha, mwaka 2016, katikati ya majivu yale, ikapatikana mifupa ya kijana wa umri wa kubalehe, wa karne ya 11 K.K. hivi. Magazeti ya dunia yakatangaza kwamba hadithi ni ya kweli. Wachimbaji wenyewe hawakusema hivyo. Mwili ulilazwa na kupangiwa mawe kando, haukuteketezwa wala kukatwakatwa kama wanyama wa sadaka. Kumzika mtu ndani ya madhabahu ni jambo la ajabu, sikatai. Lakini kaburi moja halituelezi mtu huyo alikufaje, na kulifanya jibu la fumbo la Plato ni kuukimbiza ushahidi mahali usikotaka kwenda.

"Maandishi ya kale yanatuelekeza kila kitu kilipo"

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Artemis wa Amarynthos, katika kisiwa cha Euboea. Waandishi wanasema sikukuu yake ilikuwa kubwa na maandamano yake ya fahari. Mwanajiografia wa kale Strabo akaandika kwamba mahali hapo palikuwa stadia 7 (kipimo cha umbali cha Wagiriki) kutoka kuta za mji wa Eretria, yaani zaidi kidogo ya kilomita moja. Wataalamu walitafuta karibu na mji kwa zaidi ya karne nzima, wakaambulia patupu.

Denis Knoepfler, mtaalamu wa maandishi ya kale kutoka Uswisi, akatilia shaka tarakimu yenyewe. Wagiriki waliandika namba kwa herufi, na herufi ya 7 inafanana na ya 60 kiasi cha kumpotosha mnakili aliyechoka. Stadia 60 ni karibu kilomita 11. Umbali huo unakufikisha kwenye mji wa pwani ambao leo unaitwa Amarynthos. Mwaka 2007 watafiti wa Uswisi na wenzao Wagiriki walikuta ukuta mkubwa wa kale chini ya kilima hapo, na mwaka 2017 yakaibuka maandishi na vigae vyenye mhuri wa jina la Artemis.

Uzuri wa ugunduzi huu ni kwamba hakuna upande ulioshinda peke yake. Bila Strabo wasingejua wanatafuta nini. Bila koleo, tarakimu ya 60 ingebaki wazo la mtu mmoja. Na sasa tunajua kwamba maandamano yale yalipita kilomita kadhaa za nchi, kati ya mashamba na bahari, yakiuunganisha mji na ardhi yake. Mji wa Argos nao ulikuwa na patakatifu pa mungu wake wa kike, Hera, kilomita kadhaa nje ya mji. Mungu wa mji hakulazimika kukaa mjini.

"Mvuke wa Delphi umeshaelezwa na sayansi"

Bado. Delphi ndipo Wagiriki walipokwenda kusikia utabiri wa Apollo kwa kinywa cha kuhani wa kike, Pythia, ambaye waandishi wa kale walisema alipandwa na mvuke uliotoka ardhini. Wafaransa walianza kuchimba Delphi mwaka 1892, baada ya kijiji cha Kastri kilichokaa juu ya magofu kuhamishwa, na hawakukuta ufa mkubwa chini ya hekalu la Apollo. Mwaka 2001 mwanajiolojia Jelle de Boer na wenzake wakasema nyufa mbili za miamba zinakutana hapo, na kwamba gesi ya ethilini ingeweza kumlevya Pythia. Hilo limeenea mno. Lililoenea kidogo ni kwamba mwaka 2006 watafiti wengine, akiwemo Giuseppe Etiope, waliona kiasi hicho cha ethilini hakiwezekani katika jiolojia ya hapo, wakataja metani na kaboni dioksaidi badala yake.

"Yote yalikuwa meupe, na yote ya Wagiriki watupu"

Marumaru ilipakwa rangi. Buluu ya Kimisri imeonekana kwenye sanamu za Parthenon, hekalu la mungu wa kike Athena juu ya kilima cha Akropolis mjini Athens, kwa kamera za mionzi isiyoonekana kwa macho. Na katika patakatifu pa Hera, kisiwani Samos, zimepatikana shaba za Misri na Mashariki ya Karibu, fuvu la mamba na pembe za kongoni. Wanyama hao walitoka Afrika wakavuka bahari ili wawe zawadi kwa mungu wa kike wa Kigiriki.

"Ibada ya kweli ilikuwa kwenye majengo makubwa"

Pango la Korykion, juu ya Delphi, lilikuwa la Pan, mungu wa wachungaji, na mabinti wa chemchemi walioitwa Nimfa. Wafaransa walilichimba kuanzia 1970, wakatoa mifupa ya vifundo vya miguu ya kondoo na mbuzi zaidi ya 20,000, iliyoachwa kama sadaka. Hizo ni zawadi ambazo hata mchungaji angeweza kuzimudu. Nikiulizwa wapi pa kumtafuta Mgiriki wa kawaida na haja zake, nitataja pango hilo kabla ya Akropolis.

"Ukristo ulikuja ukabomoa kila kitu"

Yapo mahekalu yaliyobomolewa, na sheria za mfalme Theodosius wa Kwanza mwaka 391 na 392 zilikataza kafara. Lakini hekalu la Zeus kule Olympia liliangushwa na matetemeko ya ardhi ya karne ya 6 BK. Karibu nalo, karakana ya mchongaji Pheidias iligeuzwa kanisa, na ndiyo maana kuta zake zimesimama mpaka leo. Parthenon ikawa kanisa, baadaye msikiti, na ilibaki jengo karibu kamili hadi 1687, mzinga wa Wavenisi ulipolipua baruti ambayo Waosmani walikuwa wameihifadhi ndani yake.