Kamera mbele ya tanuru: kwa nini namulika chuma cha moto kwa taa ya bluu

Watu wakisikia nafunga kamera kwenye viwanda vya nondo, swali la kwanza huwa ni natumia AI gani. Jibu langu ni taa. Sitanii, programu za kusoma namba siku hizi zimejaa tele, nyingine bure kabisa, ila picha ikiwa mbovu hakuna programu ya kukuokoa.

Kazi yenyewe iko hivi. Nondo inatengenezwa kwa kupitisha bileti katikati ya rola zinazoibana ikiwa ya moto; bileti ni yale mapande marefu ya chuma yenye pembe nne, mengi upana wake ni kama milimita 100 mpaka 150. Kila chuma kinachoyeyushwa kwa mkupuo mmoja kinapewa namba, sisi tunaiita hiti, na nyuma ya hiyo namba ndo kuna vipimo vya maabara: kaboni kiasi gani, manganizi, fosfora, salfa. Bileti ikipotezana na hiti yake basi hujui tena nondo uliyotoa imetoka kwenye chuma gani, na cheti unachompa mteja kinakuwa karatasi tu. Kabla ya kwenda kwenye rola bileti inapashwa moto kwenye tanuru, lebo ya bakodi pale itaungua saa hiyohiyo, so namba inagongwa au inaandikwa kwa rangi inayovumilia moto kwenye ncha ya bileti.

Sasa balaa linaanza. Bileti inatoka tanuruni ikiwa na nyuzi joto 1,100 hadi 1,200 za selsiasi hivi. Chuma kinaanza kuonekana chekundu gizani kwenye kama nyuzi 525, kwa hiyo huko kwenye 1,200 chenyewe kishakuwa taa, na ukikielekezea kamera ya kawaida unapata bonge jeupe lisilo na kingo na pembeni giza totoro, ukipunguza muda wa shata (kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia kwenye kamera) unapata umbo lakini uso wake bado hausomeki. Ila mwanga wa chuma cha moto mwingi uko upande wa nyekundu na infraredi, ule usioonekana kwa macho, bluu ni kiduchu. Piga hesabu ya Planck, ile ya mwanga unaotolewa na kitu cha moto, kwa nyuzi 1,200 utaona mwanga wa nanomita 450 (bluu) ni mdogo zaidi ya mara 100 kuliko ule wa nanomita 650 (nyekundu), na sensa ya kamera inaona mpaka karibu nanomita 1,000, kule ndo kunachafuka kabisa. Kwa hiyo unafunga filta inayopitisha bluu tu, halafu unamulika kwa LED kali za bluu zinazowaka sambamba na shata. Bileti ileile inayokuchoma uso ukiwa mita kadhaa, kwenye skrini inaonekana ya kijivu kama imelala uani toka juzi: kona zote, mikwaruzo, hadi gamba lililobanduka nusu.

Hayo magamba nayo yana visa vyake. Ndani ya tanuru chuma kinakutana na oksijeni, kinaota ngozi ya oksidi, namba inafunikwa, na gamba likibanduka linaweza kuondoka nayo. Ndo maana mimi namba naisoma mlangoni, bileti ikiwa bado baridi, na humo ndani nafuata foleni, maana kwenye tanuru la kusukuma, ambamo bileti inayoingia inazisukuma zilizo mbele, aliyetangulia kuingia ndo anatangulia kutoka. Kamera ya mlango wa kutokea, ile ya taa ya bluu, haisomi kitu, inahesabu na kupima urefu basi. Na urefu una mtego: kwa joto lile chuma kinarefuka kama 1.5%, bileti ya mita 12 inatoka na karibu sentimita 18 za ziada, usipoiambia programu itakataa kwamba ni yenyewe.

Foleni huwa inavurugwa na bileti iliyorudi. Rola za kubana zimekwama mbele, bileti ishatoka, inapoa pale, opereta anaamua itolewe pembeni. Tukio hilo lisiporekodiwa, kila inayofuata inavaa hiti ya mwenzake, na kwenye ripoti kila kitu kinaonekana kimenyooka! Hapo naweka kamera nyingine ya kuangalia njia ya pembeni tu, na laini ya uzalishaji haiendelei mpaka opereta athibitishe kilichotoka.

Kuhusu kuilinda kamera sina mengi, nyingi zinavumilia kama nyuzi 50 tu, so weka lenzi ndefu ukae mbali, boksi la kupozwa kwa maji, na kioo kinachorudisha infraredi. Hewa ya kupuliza kioo itoke kwenye bloa (feni ya kusukuma hewa) yenye filta, achana na ya kompresa, ile ina mafuta na maji na baada ya muda unapiga picha za ukungu.

Kamera za joto nazo mnaziulizia sana. Kuona kama bileti imeiva sawasawa kote, safi. Kusoma namba, hapana, pikseli zake chache. Na gamba lililonyanyuka huwa limepoa kuliko chuma kilicho chini yake, kwa hiyo ukiona doa jeusi usikimbilie kumfokea mtu wa tanuru.