Mwongozo wa pembeni hauzuii ubao kurushwa

Mafundi wengi huamini kwamba kwenye msumeno wa meza, ubao unaosukumwa na kipimapembe (kisukumio cha pembe kinachoteleza kwenye mfereji wa meza) huku ncha yake ikigusa mwongozo wa pembeni (ukuta ulionyooka sambamba na diski ya msumeno) hauwezi kuteleza. Kama unakata kipande na kukitenganisha kabisa, imani hiyo ni hatari.

Kipande kilichokatika hubaki katikati ya diski na mwongozo bila kushikwa na chochote. Kikipinda kidogo tu, meno ya nyuma ya diski, ambayo yanapanda juu, hukidaka na kukirusha kuelekea kwako. Diski ya sentimita 25 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake hukimbia zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Hakuna mkono unaowahi hapo.

Unataka vipande vya urefu sawa? Funga kibao chenye unene wa sentimita 2 au 3 kwenye mwongozo, upande wako, kiishie mbali kabla ya diski. Unene huo uongeze kwenye kipimo. Ubao ukifika kwenye meno, umeshaachana na kibao hicho.

Kukata mabega ya ulimi, yaani kingo za shina la ncha iliyopunguzwa ili iingie kwenye tundu la ubao mwingine, ni jambo jingine. Mkato hauvuki ubao, hakuna kinachobaki huru, hivyo mwongozo waweza kuwa kipimo mradi kipimapembe ndicho kinachosukuma. Lakini kuchana mashavu ya ulimi, yaani nyuso zake bapa, ubao umesimama wima na umeushika kwa mikono mitupu, usithubutu hata mara moja. Ubane kwa klampu kwenye kishikizo kinachopanda juu ya mwongozo na kuteleza nao, taka ikiangukia upande wa nje.