Kwa nini banda huvuja ukingoni ilhali bati halina tundu?

Je, wajua kwamba bati jipya, lisilo na tundu hata la sindano, linaweza kuingiza maji ndani ya banda? Mombasa mwezi wa mvua nyingi zaidi ni Mei, na ndipo wenye stoo na mabanda ya uani, toka Likoni hadi Bamburi, huona jambo lilelile. Ukuta umelowa pale juu unapokutana na paa, ubao wa feshia, ule unaoziba ncha za mbao ukingoni mwa paa, umeanza kuoza. Fundi hupanda na kopo la lami, hupaka kila msumari, hushuka. Mvua ikirudi, maji nayo hurudi palepale, kwa sababu hayakupitia juu tangu mwanzo.

Maji hushikana yenyewe kwa yenyewe, na hushika pia kitu yanachokigusa. Ukimimina chai polepole kutoka kwenye sufuria, hukataa kuangukia kikombeni, ikafuata tumbo la sufuria mpaka mezani. Ukingoni mwa bati hutokea hivyohivyo. Tone lisilo na mbio hujikunja chini ya bati na kutambaa kurudi nyuma, hadi likutane na ubao au ukuta, ndipo lishuke. Paa likiwa na mwinamo mkali, safari hiyo ya kurudi ni ya kupanda na tone hushindwa, likadondoka nje. Lakini mabanda mengi ya uani huezekwa paa la upande mmoja, limelala karibu sawasawa, na bati hukatwa fupi ili kuokoa pesa. Hapo tone halina kizuizi. Tena masika huja na kusi, upepo utokao upande wa bahari, unaosukuma maji yaingie ndani. Ndiyo maana ukingo unaoutazama upepo huo huoza kabla ya ule wa pili. Paa la makuti halina taabu hii: limeinama sana, upenu wake ni mrefu, na kila ncha ya jani hudondosha maji yake mbali na ukuta.

Kuna na njia ya pili, nayo ni ya ajabu zaidi. Mabati mawili yanapolaliana, hubaki upenyo mwembamba kati yao, na maji huvutwa humo hata kuelekea juu. Upenyo wa nusu milimita unaweza kuyapandisha zaidi ya sentimita moja. Ni kidogo, lakini paa likishuka sentimita 20 tu kwa kila mita, sentimita moja ya kimo ni kama sentimita tano za kutambaa juu ya mteremko. Kwa hiyo fundi anayelalisha bati juu ya bati kwa vidole vitatu, akitaka moja litoshe pa mawili, anamwachia mwenye nyumba uvujaji. Mabati yanapoungana kwa urefu, kwenye paa lililolala, yapishane sentimita 15 au zaidi.

Kabla ya kununua chochote, tafuta njia ya maji. Kwanza chunguza asubuhi ambayo mvua haikunyesha: ukikuta matone chini ya bati, hilo ni jasho la bati, hewa yenye unyevu iliyogusa chuma kilichopoa usiku, na dawa yake ni kupitisha hewa. Pakiwa pakavu, paka unga wa chaki upande wa chini wa bati karibu na ukingo. Kisha mwagilia kwa mpira wa maji, ukianzia chini kabisa, maji yaelekee njia ya mvua. Mtu akae ndani na tochi. Usipandishe maji juu mpaka ukingo umekaguliwa vya kutosha. Ukianza juu, kila kitu kitalowa na hutajua kilichoanza. Michirizi kwenye chaki itakuonyesha tone lilikogeukia.

Ikiwa ni ukingo, tiba yake si ya gharama. Kunja ukanda wa bati, upande mmoja uingie chini ya mabati, mwingine ushuke mbele ya feshia, na mdomo wake wa chini uinuliwe kidogo kuelekea nje usiguse ubao. Tone likifika pale halina pa kurudi. Ukipata nafasi ya kubadilisha mabati, yatoe yapite feshia kwa kama sentimita tano.

Saruji iliyojazwa kwenye mabonde ya bati juu ya ukuta naionea mashaka makubwa. Bati la mita 3 likipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka karibu milimita moja na nusu, saruji haifuati, ufa huzaliwa. Na saruji mbichi hula zinki. Sponji iliyokatwa kwa umbo la mawimbi ni bora. Misumari ikae juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni, na raba za misumari hiyo zilizokauka kwa jua zibadilishwe.

Kingo zilizokatwa zipakwe rangi ya zinki mara tu zinapokatwa, maana hapo chuma kimebaki uchi na hewa ya chumvi haisubiri. Na gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, ifungwe ukuta wake wa nyuma ukiwa juu kuliko wa mbele, ili ikizibwa na majani ya mwarobaini, maji yamwagike uani, si kwenye feshia.